MAMBO YA NYUMBANI: Paka, Nyama Isiyoiva, na Mtoto Aliye Tumboni

Mwezi huu tulikusudia kuendelea na habari za kuhifadhi mahindi na ulezi, lakini imetufikia barua ya mwalimu mmoja wa upande wa Laela, nayo imetulazimu kuyaweka mahindi kando. Mwalimu huyo aandika ya kwamba mkewe ana mimba ya miezi minne. Shemeji yake aliyetoka mjini alipomwona paka amelala karibu na mafiga alipiga kelele, akasema paka huharibu mimba, na ya kwamba mtoto atazaliwa kipofu au mwenye kichwa kikubwa. Mama mkwe naye akadakia, akasema alijua siku nyingi, maana paka ni mnyama wa wachawi. Basi mwalimu auliza: "Je, ni kweli? Nimwue paka? Na nikimwua, panya nitawafanyaje?"

Ni swali jema, na mwalimu amefanya vizuri kuuliza kabla ya kushika rungu. Sisi wenyewe hatukuwa na akili hiyo. Miaka michache iliyopita, tuliposikia habari hizi mara ya kwanza, tena nusu nusu, tulikwenda kwa mama mmoja mja mzito, jirani yetu, tukamwambia amwondoe paka wake siku ile ile. Alitii, kwa kuwa alituheshimu. Paka akapelekwa mbali. Mvua hazijakwisha, panya walikuwa wamekwisha toboa kihenge, wakala ulezi, wakaharibu na mbegu. Na mama yule aliendelea kula nyama iliyobabuliwa tu motoni, na kutafuna udongo wa kichuguu, nasi hatukumwambia neno juu ya hayo, maana hatukuyajua. Mtoto alizaliwa salama, lakini si kwa ajili ya shauri letu. Tangu siku ile tumejifunza kuuliza kwanza waganga wa hospitali na wauguzi, ndipo tuandike.

Ugonjwa wenyewe waitwa toksoplasmosisi. Jina ni gumu, na mwenye kulishindwa aweza kusema ugonjwa wa toksoplasma, maana ndilo jina la kidudu chake. Kidudu hiki ni kidogo mno, hakionekani ila kwa hadubini, na umbo lake limepinda kama upinde. Hiyo ndiyo maana ya jina, kwani kwa Kigiriki toxon ni upinde. Kiligunduliwa mwaka 1908 katika mji wa Tunis, huko Afrika ya Kaskazini, na wataalamu wawili, Charles Nicolle na Louis Manceaux, ambao walikiona ndani ya mnyama mdogo wa jangwani aitwaye gundi, afananaye na panya. Wazee wetu waliofundishwa na Mapadri Weupe watakumbuka ya kuwa karibu na Tunis ndiko kulikokuwa Kartago, mji wa Kardinali Lavigerie aliyelianzisha shirika lao. Mwaka ule ule wa 1908 mtu mwingine, Alfonso Splendore, alikiona ndani ya sungura huko Brazili, wala hawakuwa wameambiana.

Lakini kukiona kidudu si kujua kazi yake. Miaka mingi ilipita watu wakidhani ni jambo la wanyama tu. Mwaka 1939 madaktari watatu wa New York, Wolf, Cowen na Paige, walionyesha ya kuwa mtoto mchanga aliyefariki alikuwa amekipata kidudu hiki tumboni mwa mama yake. Na habari ya paka ilikuja baadaye sana. Mwaka 1965 William Hutchison wa Glasgow, huko Scotland, aliona ya kwamba kinyesi cha paka chaweza kuambukiza, na ilipofika mwaka 1970 jambo hilo lilikwisha thibitika: kidudu hiki chaweza kuingia katika karibu kila mnyama na ndege mwenye damu ya moto, hata mwanadamu, lakini katika jamii ya paka peke yake ndimo kinamozaa mayai. Basi shemeji wa mjini hakusema uongo mtupu. Alichukua kipande cha kweli akakiacha kipande kikubwa zaidi.

Tuieleze basi njia yenyewe. Paka hula panya au ndege mwenye kidudu, au hula matumbo mabichi aliyotupiwa na mchinjaji. Kidudu huzaa ndani ya utumbo wa paka, na mayai hutoka pamoja na kinyesi. Lakini paka hatoi mayai siku zote za maisha yake. Kwa kawaida hutoa mara moja tu, akiwa bado mdogo na ameanza kuwinda, kwa muda wa juma moja hadi majuma matatu. Ila katika siku hizo chache hutoa mayai kwa mamilioni. Tena kinyesi kibichi, cha siku ile ile, hakidhuru. Mayai yahitaji siku moja hadi tano nje, katika hewa, yapate kukomaa. Yakikwisha komaa ni magumu kufa. Katika udongo wenye unyevu na ubaridi yaweza kuishi mwaka mzima na zaidi. Nanyi mwaijua Ufipa yetu: uwanda wa juu, baridi ya asubuhi, mvua tangu Novemba mpaka Aprili, udongo mlaini wa matuta. Paka apenda kufukia mavi yake katika udongo mlaini. Hufukia bustanini, katika jaa la majivu, katika mchanga uliorundikwa tayari kwa kujenga nyumba.

Kwa hiyo kumshika paka, au paka kulala penye mafiga, si hatari kubwa. Manyoya yake hayana neno. Hatari i katika udongo na katika mikono iliyoshika udongo.

Na njia ya pili haina habari na paka wa nyumbani hata kidogo. Mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku, nao hula majani au kudonoa udongo wenye mayai, na kidudu hujificha ndani ya nyama zao katika vifuko vidogo sana. Hapo watu wengi hukosea. Wafugaji wa nguruwe wajua zile punje nyeupe katika nyama, ambazo bwana afya huzitafuta, nazo ni habari ya tegu. Mtu akiisha kuona nyama haina punje, husema ni safi, akaila ikiwa bado nyekundu ndani. Lakini vifuko vya toksoplasma havionekani kwa jicho la mtu yeyote, hata la bwana afya. Nyama yaweza kuwa nzuri, mpya, yenye muhuri, na bado kidudu kimo. Moto ndio umalizao. Nyama ikipata joto hata katikati, nyekundu yote ikatoka, na maji yake yakawa meupe, kidudu kimekufa. Kukausha kwa moshi kidogo, au kutia chumvi na kuacha usiku mmoja, hakutoshi. Wenye majokofu ya kugandisha wajue ya kuwa baridi kali ya siku kadhaa nayo hukiua, lakini katika vijiji vyetu majokofu ya namna hiyo ni machache, basi tuseme habari za sufuria.

Sasa kwa habari ya mama. Mtu mzima mwenye afya akikipata kidudu hiki, mara nyingi hajui. Pengine hupata homa ndogo, uchovu, tezi za shingo zikavimba. Naye husema ni mafua ya baridi, au ni malaria, na baada ya siku chache ameinuka kwenda shambani. Mwili wake hujiwekea askari. Kidudu hakitoki, hubaki kimelala katika nyama na ubongo maisha yote, lakini askari wapo na hakiwezi kuinuka. Wataalamu wakadiri ya kuwa karibu theluthi moja ya watu wote wa dunia wanacho. Katika nchi yetu, uchunguzi uliotolewa mwaka 1995 ulipima damu za wanawake wajawazito 849 wa Dar es Salaam, na 35 katika kila 100 walionekana wamekwisha kukipata. Mwingine uliotolewa mwaka 2013 ulipima wajawazito 350 wa Mwanza, na walionekana 31 hivi katika kila 100, tena wa mjini wakiwa wengi kuliko wa vijijini. Mtu asije akadhani ni habari ya mashamba tu.

Hapa twaomba msomaji asome polepole, maana ndipo penye kiini. Mwanamke aliyekipata kidudu zamani, kabla ya kuchukua mimba, kwa kawaida hamwambukizi mtoto wake. Askari wa mwili wake humlinda na mtoto pia. Aliye hatarini ni yule ambaye hajakipata kamwe, naye akakipata mara ya kwanza akiwa mja mzito. Ndiyo kusema, wale 65 au 69 waliobaki katika mia, ambao damu yao ilionekana safi, ndio wanaopaswa kujilinda zaidi. Mama mzito akikipata mara ya kwanza, kidudu chaweza kupita kondo la nyuma kikamfikia mtoto. Katika miezi mitatu ya kwanza hupita kwa wachache, labda 10 hadi 15 katika 100, lakini kikipita huleta madhara makubwa: mimba kutoka, au mtoto kuzaliwa mfu, au maji kujaa kichwani, au makovu katika ubongo na macho. Katika miezi ya mwisho hupita kwa wengi, zaidi ya nusu, lakini watoto hao huzaliwa wakionekana wazima. Wazima kwa kuonekana tu. Habari yao tutaieleza mbele kidogo kwa ajili ya walimu.

Tumesema hapo ndipo penye kiini, kwa sababu ya jambo tulilolishuhudia wenyewe. Hatutaji kijiji wala majina, na wenyewe wameturuhusu tuseme.

Kijana mmoja na mkewe walipata mtoto wao wa kwanza, mtoto wa kiume. Mwezi wa tatu kichwa chake kilianza kukua kuliko mwili, na macho yake hayakumfuata mama. Watu wa ukoo wa mume walikaa wakashauriana. Wengine walisema mwanamke amekuja na jambo kutoka kwao. Wengine walimtaja shangazi mmoja mzee, mjane, aishiye peke yake na paka wawili. Mji wetu mkubwa ni Sumbawanga, na tangu utoto twaambiwa maana ya jina hilo ni "tupa uchawi"; lakini neno lenyewe halijatupwa bado, lipo midomoni, na daima humwangukia mwanamke mzee au mke mgeni. Shauri lilikuwa mke arudishwe kwao, na ng'ombe wadaiwe, "kwa maana akizaa tena atazaa vile vile." Baba mtu mwenyewe alisema hivyo mbele yetu, wala hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayehesabu hasara ya shamba.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyesimama imara, akasema mtoto apelekwe kwanza hospitali kubwa, ukoo ukae baadaye. Walikwenda mbali, wakauza nguruwe watatu kwa nauli. Madaktari waliuweka mrija mdogo chini ya ngozi, wa kuyatoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Walitazama macho wakaona makovu, wakapima damu ya mtoto na ya mama, wakaona ya kwamba ni toksoplasma. Twasema wazi: si kila mtoto wa kichwa kikubwa ana ugonjwa huu. Sababu ni nyingi, mojawapo homa ya uti wa mgongo ya watoto wachanga, na mara nyingi kichwa kikubwa huandamana na mgongo wazi, ambao wahusiana na upungufu wa foliki asidi katika damu ya mama. Lakini huyu alikuwa nao.

Daktari alimwita mume peke yake. Alimweleza ya kuwa mkewe alikipata kidudu wakati wa mimba ile, pengine bila kuumwa hata siku moja. Ya kuwa mwili wake sasa umekwisha weka askari. Na ya kuwa mtoto mwingine atakayezaliwa na mama huyu hatazamiwi kupata ugonjwa huu tena. Wangoje tu miezi sita au zaidi kabla ya mimba nyingine. Kijana alitusimulia ya kuwa aliuliza mara mbili, maana alidhani hakusikia sawa. Mara ya tatu aliomba aandikiwe katika karatasi.

Karatasi ile aliisoma mbele ya ukoo, nasi tukiwapo. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha baba mtu akatugeukia akasema, "Mwalimu, basi twamlaumu nani?" Kabla hatujajibu, kijana alisema: "Baba, mwezi ule wa pili wa mimba nilichinja nguruwe. Mama Fulani alitamani ini na nyama, nikamchomea mwenyewe, nikamkatia ikiwa nyekundu, maana hakuweza kungoja. Kama ni lawama, anzeni kwangu." Hakuna ajuaye kama ilikuwa nyama ile, au bustani, au udongo, daktari mwenyewe hakusema, wala hawezi kusema. Lakini baada ya maneno hayo hakuna aliyetaja ng'ombe tena. Mke hakurudishwa. Mtoto wa pili, msichana, alizaliwa miaka miwili baadaye, na sasa anakimbia na kuwasumbua kuku. Yule shangazi bado ana paka wake wawili. Wa kwanza tutamrudia.

Basi mtauliza, kliniki haiwezi kupima? Katika kliniki zetu za wajawazito hupimwa wekundu wa damu, kaswende, virusi vya UKIMWI, malaria, na mengine. Kipimo cha toksoplasma hakimo katika vile vya kila siku. Hupatikana katika hospitali kubwa, nacho chahitaji mtu ajuaye kukisoma, kwa kuwa chaweza kuonyesha alama za zamani na alama za karibuni, na kuzitenga si kazi nyepesi. Ufaransa imewapima wajawazito wote kwa sheria tangu mwaka 1978, maana Wafaransa wapenda nyama isiyoiva sana. Huko mwaka 1995 wajawazito 54 katika 100 walikuwa wamekwisha kukipata kidudu, na mwaka 2010 walikuwa 37. Dawa zipo. Mama akigunduliwa mapema hupewa spiramaisini ili kidudu kisimfikie mtoto. Kikiwa kimekwisha mfikia, daktari hubadili dawa. Na mtoto aliyezaliwa nao hutibiwa muda wa mwaka mzima hivi. Ni kazi ya daktari, si ya duka la dawa.

Tena wako wanaosema: vile vidonge vya SP ambavyo mama huvimeza kliniki mbele ya muuguzi ni vya jamii moja na dawa ya toksoplasma, basi yatosha. Si hivyo. Kweli ndani yake mna dawa moja iliyo sawa, lakini vipimo ni vya malaria, na kwa malaria vimezeni bila kukosa. Msivifanye kuwa ruhusa ya kula nyama mbichi. Na wale waishio na virusi vya UKIMWI, ambao askari wa miili yao wamepungua, wajue ya kuwa kwao kidudu kilicholala chaweza kuinuka na kuushambulia ubongo. Septrini wanayopewa, pamoja na dawa zao za kila siku, ni ngao juu ya jambo hilo pia. Wasiiache kwa shauri la jirani.

Basi ulinzi wetu huku uwandani ni wa nyumbani, na hapa twataka kusema na akina baba. Tumekwisha ona mabaraza mengi ambapo mafundisho hutolewa kwa akina mama peke yao, nao husikiliza, wakarudi nyumbani kwenye kazi zile zile. Mtamwambia mama mzito asishike udongo wa bustani, na nani atapalilia mchicha? Mtamwambia asifagie jaa, na nani atafagia? Kama baba hajibu "Mimi," au hamwambii kijana wake mkubwa, maneno yote ni ya bure. Mavi ya paka yaondolewe kila siku, kabla hayajakomaa, na mtu asiye na mimba, yakafukiwe mbali na kisima na bustani. Mama akilazimika kulima, na wengi watalazimika, anawe mikono kwa sabuni akasugue na chini ya kucha kabla ya kushika unga au chombo cha kula. Mchanga wa kujengea ufunikwe. Paka apewe chakula kilichopikwa, ugali na dagaa waliochemshwa, wala asitupiwe matumbo mabichi. Kadiri anavyoshiba, kadiri atakavyopungua kutafuta mizoga. Bado atawinda panya, msihofu, ni tabia yake.

Mboga za kuliwa bila kupikwa, kachumbari na kabichi, zioshwe sana kwa maji safi mengi, na kama mama ni mzito ni heri apike. Maji ya kunywa yachemshwe. Ile dawa ya klorini itiwayo majini ni nzuri kwa magonjwa ya kuhara, lakini mayai haya hayaiogopi, huogopa moto. Maziwa ya mbuzi nayo yachemshwe. Na mbuzi au kondoo akitupa mimba, mama mzito asiende kusaidia zizini, kwa kuwa ugonjwa huu huwatoa mimba wanyama hao pia, na uchafu ule una vidudu vyake na vya magonjwa mengine.

Kuna habari ya udongo. Hapa twajua tunagusa jambo ambalo wanawake hawalizungumzi mbele ya wanaume, lakini muuguzi ametuambia tuliandike. Wajawazito wengi hutamani udongo. Wengine hununua sokoni vile vipande vilivyokaushwa, wengine hukwangua ukuta wa nyumba, wengine huvunja kichuguu. Si upumbavu, wala si tabia mbaya, na kumcheka ni kumfundisha kula kwa siri. Mara nyingi tamaa hiyo huandamana na upungufu wa damu. Lakini udongo uliopitiwa na paka ni njia fupi kupita zote, maana mama huyatia mayai kinywani mwenyewe. Amwambie muuguzi, apimwe damu, apewe vidonge vyake vya kuongeza damu. Mume akiona vipande vya udongo ndani ya mkoba wa mkewe asipige kelele, amsindikize kliniki.

Na nyama choma. Twajua ya kuwa tutachukiwa. Siku ya soko, mwenye jiko hukata kipande cha nguruwe, ambacho vijana wa mjini hukiita kitimoto, akakigeuza mara mbili, watu wanamhimiza, na kipande cha kwanza hupewa mama mzito kwa heshima. Heshima hiyo ibadilishwe: mama mzito apewe cha mwisho, kilichokaa motoni kuliko vyote. Na anayekata nyama mbichi nyumbani asiionje chumvi kabla haijaiva. Mama zetu wengi wana desturi hiyo, hata mke wetu alikuwa nayo.

Sasa, walimu, lile tulilowaahidi. Wengi wa watoto waliokipata kidudu tumboni huzaliwa bila alama. Hukua, hucheza, huanza shule. Lakini kidudu kilicholala nyuma ya jicho chaweza kuamka baada ya miaka, hata mtoto akiwa na umri wa miaka kumi au zaidi, kikaacha kovu mahali pa kuonea. Mtoto huyo halii, maana mara nyingi haoni maumivu makubwa. Utamwona anainamisha kichwa upande mmoja asomapo, au anakisogeza kitabu mpaka puani, au anakosea kunakili ubaoni mambo ambayo akisomewa anayajua yote. Tumesikia watoto wa namna hiyo wakiitwa wavivu, na wengine wakachapwa. Mwite mzazi, mwambie mtoto akatazamwe macho na mganga wa macho, nawe mkalishe mbele. Jicho likianza kuwa jekundu, au mtoto akasema anaona kama moshi au vitu vieleavyo, msingoje likizo, maana kovu likiwa bado jipya dawa huweza kulizuia lisienee.

Kwa mwalimu wa Laela, basi, jibu letu ni hili. Usimwue paka. Mama mkwe umjibu kwa upole ya kuwa mnyama huyu hana mkataba na mchawi yeyote. Ana panya tu. Mkeo asiguse kinyesi, wewe ukakitoe kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Nyama uipike mwenyewe kama huna hakika. Mwulize mkeo habari ya udongo, ukiwa naye peke yenu. Na shemeji wa mjini umshukuru, kwa kuwa bila kelele zake usingeandika.

Na yule mtoto wa kwanza tuliyeahidi kumrudia, mwenye mrija kichwani, sasa ana miaka saba. Anaona kwa pembe ya jicho la kushoto tu. Ameingia darasa la kwanza mwaka huu, na baba yake amemchongea kibao chake mwenyewe, kidogo, cha kuwekwa karibu kabisa na ubao.